Ufunguo Uliokaa Ndani ya Folda

Kwaya yetu ya Miyuji haimnyimi mtu kitu. Ukituomba wimbo, tunakupa. Ukiomba na sare, tutakuazima. Kwa hiyo Jumamosi ile mzee katibu wetu aliponipigia, sikuwa hata nimemaliza kumwamkia, tayari anacheka kwa furaha.

"Marahaba, mwanangu! Wenzetu wa Kibaigwa walikuwa wanaitamani programu yetu ya kuhifadhi nyimbo. Nimewarushia folda nzima kwenye grupu la kwaya zote."

"Folda nzima, mzee?"

"Nzima! Choyo cha nini?"

Mungu wangu! Programu ile tuliachiwa na mwanakwaya aliyehamia Mwanza, na ufunguo wa siri wa hifadhi yetu ya mtandaoni alikuwa ameuandika waziwazi ndani ya faili la mipangilio. Yeyote mwenye faili hilo angeweza kuingia na kufuta kila kitu. Na humo ndimo ilimokuwa sauti ya mama yangu. Yeye ndiye aliyekuwa akituanzishia nyimbo za Kigogo, mpaka ugonjwa wa koo ukamwachia mnong'ono tu. Nakala nyingine hatukuwa nayo.

Nikafungua laptop palepale sebuleni, mama yuko kwenye kochi anachambua mlenda. Nikampigia mwenzangu wa kazini, Mrangi wa Kondoa asiyekosa neno.

"Nyie Wagogo kwa ukarimu! Sasa mmegawa hadi funguo za nyumba," akasema. "Haya, tengeneza ufunguo mpya. Usiuandike kwenye faili tena. Uweke kwenye kasha la siri la kompyuta yako, lile linalofungwa kwa nenosiri, programu iwe inauomba huko. Ukiona inafanya kazi, ndipo ufute ule wa zamani."

"Na kama mtu keshaingia?"

"Dada, andika kwanza. Utalia baadaye."

Nikaandika. Kwenye faili nikaacha jina la ufunguo tu, ufunguo wenyewe ukabaki kashani. Programu ikauomba, ikafunguliwa! Nikafuta ule wa zamani, kisha nikaujaribu kwa makusudi. Umekataliwa! Nilipiga kigelegele peke yangu, mpaka mwenzangu akaniuliza kwenye simu kama nimejifungua.

Nikamrudia katibu. "Mzee, nakutumia folda nyingine, haina ufunguo wetu. Kila kwaya itaweka wa kwake. Hii gawa mpaka Singida ukitaka!"

"Si ndicho nilichokuwa nafanya?" akajibu, wala hana habari.

Lakini nilikuwa bado sijathubutu kutazama ndani. Nikafungua hifadhi. Nyimbo zikaanza kujitokeza mmoja mmoja, na wa mama ukatokea. Nikabonyeza. Sauti ya mama ikatoka, ya juu, imenyooka, ikajaa sebule nzima. Jamani, ipo!

Mama akaacha mlenda. Nilipomwona machozi yanamlengalenga nikanyoosha mkono nizime, nisije nikamuumiza. Akanidaka.

"Ongeza," akaninong'oneza. "Ongeza sauti, majirani wasikie."