Kiu ya Tribhovan Sheth

Kila mtu Ranavadi alimjua Tribhovan Sheth, mwenye kiwanda cha kuchambua pamba na mwenyekiti wa halmashauri ya mji. Taa za barabarani zililetwa naye, shule ya wasichana aliijenga yeye, hata ule mnara wa kulishia njiwa pale sokoni. Kila alipoingia watu walimwondokea kitini na kumwita Sheth, yaani bwana tajiri. Lakini palikuwa na nyumba moja ambamo hakuweza kuomba hata tama la maji, nayo ni nyumba ya mwanawe wa pekee, Santok.

Mila ndiyo hiyo. Mzazi akishamwoza binti, hali wala hanywi kule alikoolewa, mpaka binti azae. Santok aliolewa Khareda miaka mingi iliyopita, na hakujaliwa mtoto. Basi Sheth akienda kumwona hukaa barazani, koo limemkauka kwa vumbi la njiani, akazungumza habari za pamba na wakweze, kisha huaga akaenda kunywa maji yake nje ya mji, nyuma ya gari la ng'ombe, kama mwizi. Santok husimama mlangoni na lota mkononi, kile chombo cha shaba cha kunywea maji, kikiwa kitupu, ushungi umemfunika uso. Kila mara baba asipokunywa, wote waliopo hukumbushwa kuwa binti ni tasa.

“Tungekupa maji, Sheth,” alimwambia siku moja Jadavba, mama mkwe wa Santok, mwanamke mwenye ulimi wa upupu. “Ila bado hatujasikia kitoto kikilia humu ndani.”

Sheth alicheka na wengine, kwa adabu. Njiani alilia. Mkewe alikuwa amekufa bila kuonja maji ya mkono wa mwanawe, na yeye mwenyewe kichwa kilikuwa kimeshageuka pamba tupu.

Visima vya Khareda vilikuwa vya chumvi. Ziwa la Ranavadi lilikuwa na maji matamu. Sheth akaiambia halmashauri kuwa anataka kupeleka bomba Khareda.

“Maji yetu tuwape wale?” aliuliza Hansraj, muuza nafaka. “Wao wana nini chetu?”

“Wana mwanangu,” alisema Sheth.

Hakuna aliyepinga tena. Lakini ukiyavulia maji nguo huna budi kuyaoga: fedha za mji ziliisha bomba likiwa katikati ya mbuga, na Sheth akauza kiwanda kulimalizia. Watu walisema anatafuta sifa. Waache waseme, uchungu wa mwana aujuaye mzazi.

Siku ya kufungua, bomba la kwanza lilikuwa uani kwa Jadavba. Palikuwa na tarumbeta, mashada ya maua, na hotuba ndefu kuliko bomba lenyewe. Kuhani alikuwa ameshaulizwa, akasema maji ya ziwa la kwao mtu si maji ya ukweni. Hata Jadavba alilegea.

“Kunywa, Sheth. Haya ni ya kwenu, huvunji kitu.”

Santok alijaza lota akampa. Sheth akanywa, watu wakapiga makofi. Yalikuwa maji yale yale aliyoyanywa nyumbani kwake asubuhi. Akaishika ile lota, majonzi yakamjaa. Mali yote ile, kumbe amekuja kujikaribisha mwenyewe, na kiu yake iko pale pale.

“Santok.”

“Abee, Bapuji.”

“Kisima chenu bado kina maji?”

“Kinayo, lakini yana chumvi, Bapuji. Hata ng'ombe huyakataa.”

“Niletee.”

Tarumbeta zilinyamaza. Jadavba alikaza macho. “Mwacha mila ni mtumwa, Sheth.”

“Basi na niwe mtumwa, dada. Usheth nimeufanya vya kutosha.”

Santok alisita, kisha akaenda. Walisikia kapi ya kisima ikilia, ndoo ikigonga mawe. Alirudi na lota imejaa pomoni, hata maji yakamwagikia miguu ya babaye. Sheth alikunywa polepole, macho kayafumba, mpaka tone la mwisho. Yalikuwa machungu kwelikweli.

“Ongeza,” alisema.

Mbele ya mama mkwe na halmashauri nzima, Santok aliuteremsha ushungi mabegani, akamtazama baba yake uso kwa uso. Kisha akaipokea lota, akarudi kisimani mbio.