Njiwa Niliyempa Jina Langu

Miye sikumaliza shule ya primere, lakini nyumba ya etaji, ghorofa juu ya ghorofa, hapa Kadutu nilijenga mwenyewe. Basi nilipopiga picha njiwa mwenye mabawa ya zambarau nyuma ya jiko, nani angenifundisha? Nilimutafuta kwenye intaneti ya simu, hayuko. Nikatangaza ni aina mupya, nikamupa jina langu, nikamufungia kizimbani.

Siku wakwe walipokuja kuposa binti yangu, nikawaonyesha picha, kisha ndege mwenyewe. Wakapiga makofi, nikavimba.

Jirani yangu, Maman Furaha, aliyekuja kutusaidia kupika, akatoka jikoni na sufuria ya sombe, mboga ya majani ya muhogo.

“Ee Papa, kumbe njiwa wangu iko kwako! Nilimupaka ile rangi ili wezi wasimuuze sokoni.”

Akafungua kizimba. Ndege mwenye jina langu akatua begani mwake, wakwe wote wakinitazama mimi.