Tairi Nilizochongesha kwa Wivu

Nakiri, wivu ulinishika. Jirani yangu hapa mtaa wa Satellite, Wafula, aliweka tairi mpya nne kwa gari yake, na mke wangu akasema, "Huyo anapenda watoto wake." Kusema haki, Wafula hajawahi kunikosea. Lakini tairi zetu zilikuja na gari, na zilikuwa zimeisha kabisa. Badala ya kununua, nikaenda kwa fundi wa tairi kule Kawangware, akazichonga mistari kwa kisu cha moto na kuzipaka rangi ya viatu. Nikamwambia mke ni mpya.

Jumapili tukitoka kwenda kanisani, Wafula akainama, akapitisha kidole kwenye tairi yetu, akaniuliza:

"Baba Shiro, tairi mpya gani hii waya inachungulia?"

Mke wangu akawashusha watoto mmoja mmoja, akawapandisha kwa gari ya Wafula.