Mwiko wa Wembe

Wengi wa rika langu walifika Kamina kwa sababu baba zao walipata kazi ya reli. Mimi nilifika kwa sababu ya jino. Tulikuwa tumetoka Kasai, baba, mama na mimi, tukielekea Elisabethville, na siku ya kwanza ndani ya treni jino langu la utoto lilinasa kwenye hindi la kuchoma likang'oka. Damu ilitoka mchana kutwa, na kesho yake ikaendelea. Mama alimaliza vitambaa, akaanza kuchana kikwembe alichojifunga. Abiria walijitenga nasi, hata behewa lililokuwa limejaa likawa na nafasi. Kamina tulishushwa, tukapelekwa hospitalini, na safari ikaishia hapo. Baba alipata kazi ya kupaka grisi magurudumu ya mabehewa.

Mtawa mmoja mzungu alimweleza mama kwamba damu yangu haigandi upesi kama ya wengine, kwamba nimezaliwa nayo hivyo, na kwamba wembe na kisu viwe mbali nami. Mama alielewa kuliko mtawa alivyodhani. Kaka zake wawili walikufa hivyo, na kule kwetu watu walisema wanawake wa ukoo wao wanakula watoto wa kiume. Hakutaka neno hilo limfuate hadi Kamina. Akanifundisha la kusema: popote uendapo, sema wembe ni mwiko wako. Ugonjwa watu hubishana nao. Mwiko hakuna anayeuliza.

Nakumbuka matembezi yetu ya kiangazi, nyasi zilipokwisha kuungua, tukienda kuchimba panya wa porini. Asubuhi za mwezi wa sita zilikuwa na baridi ya kuuma masikio, na majivu yalitupaka miguu hadi magotini. Nilivaa suruali ambayo mama aliishonea gunia mara mbili kwenye magoti. Nilitembea katikati ya mstari. Rafiki yangu Ilunga alitangulia kuvunja visiki vilivyochongoka. Yeye alifundishwa na mama kubana kidonda kwa kitambaa na kusali Baba Yetu hamsini kabla ya kuachia. Alisali mbio mno, na mama alimrudisha kwenye ya kwanza.

Kwa kuwa sikuruhusiwa kupanda miti wala kucheza mpira, nilifanywa mwamuzi wa michezo yote. Mtaa mzima ulinichukia. Vijana wa leo wanapanda pikipiki kwenda kununua chumvi. Sisi tulitembea nusu siku kumfuata panya mmoja, na mwamuzi alipewa mkia.

Likizo moja Ilunga alitumwa Bukama kuchukua samaki wakavu kwa bibi yake Mwadi, ambaye wote walimwita Kambo, yaani bibi, nami nikaruhusiwa kumsindikiza. Nilikuwa na miaka kumi na miwili. Mama aliniambia nishuke kwenye treni kwa kushikwa mkono. Niliona wasichana wanatazama, nikaruka. Sikuanguka wala sikuchubuka. Lakini damu ilivuja ndani ya goti, na asubuhi ya pili lilikuwa limevimba kama papai, siwezi kulinyoosha.

Kambo Mwadi alikuja na pembe ya mbuzi na wembe. Alitaka kuchanja ngozi na kufyonza damu mbaya kwa ile pembe, kama alivyowafanyia wavuvi wengi wenye magoti mabovu.

"Kambo, wembe njo mwiko yangu," nilisema.

"Mwiko ya baba ao ya mama?"

"Ya mama."

"Haina shida. Miye njo naondoaka miko ya bantu hapa."

Mama hakuwa amefikiria kwamba kuna mtu anayeweza kuwaondolea watu miko. Bibi alileta pemba, ule udongo mweupe, akanipaka kwenye paji la uso na kwenye goti, akanena maneno ya Kiluba, akatema mate pembeni.

"Imeisha. Leta muguu."

"Kambo, acha," Ilunga alisema. "Mama yake ataniua."

"Mama yake iko Kamina. Miye niko hapa. Shika muguu yake."

Ilunga alinishika, kwa sababu bibi alikuwa bibi. Alinitazama. Alijua ninachokijua, na alijua pia kwamba si siri yake kuitoa. Haikuwa hata yangu. Ilikuwa ya mama. Wembe ulikuwa karibu na ngozi nikiwa bado najiuliza.

"Hakuna mwiko, Kambo. Damu yangu haisimamake."

Kambo aliuinua wembe.

"Haisimamake kabisa?"

"Inakawia. Jino moja, siku tatu. Na bajomba yangu babili balikufa."

"Na weye ulikuwa unanitazama tu nikate?" Aliurudisha wembe kwenye karatasi yake. "Ambia mama yako uongo yake ni muzuri, lakini atafute ingine."

Alinifunga goti kwa nguo yenye maji baridi, akanilaza siku tano, akanilisha ugali na samaki kwa mkono wake. Na aliwasimulia watu. Wachuuzi wa samaki walilibeba neno kwa treni, likafika Kamina kabla yangu. Jirani mmoja aliacha kula chungu kimoja na mama. Mama hakunisemesha siku mbili. Siku ya tatu alinipa suruali aliyoishonea gunia jipya, akasema, "Sasa kazi ya kuficha imeisha," na hakuficha tena.

Baadaye nimeishi katika miji saba. Leo nina karatasi ya daktari mfukoni, ina muhuri, inaeleza kila kitu kwa Kifaransa. Ndani ya basi nakaa kati ya vijana waliojiziba masikio kwa muziki, hawajui jina langu wala mimi lao. Karatasi hiyo haijawahi kusomwa.

Niliondoka Kamina moja kwa moja nikiwa na miaka kumi na minane, juu ya lori la mihogo. Mama alikanyaga gurudumu, akashika ubao, akawaambia waliokaa juu ya magunia: "Bandugu, huyu mutoto wangu, damu yake haisimamake. Akiumia, mumufunge nguvu, musimuchanje." Niliona haya, nikaangalia upande mwingine. Mzee mmoja alilifunga panga lake kwa gunia, akalikalia.

"Na shoka yangu?" mwingine aliuliza.

"Ikalie na weye," mzee alimjibu.

Walisogea, wakanipa mahali katikati yao.