Bwana Miti na Tawi la Mkwaju

Kila asubuhi Bwana Miti wa kijiji cha ujamaa, kule Rutamba, alipangusa kioo cha cheti chake, akakohoa, ndipo akaenda kukagua mikorosho. Mtini hakupanda hata siku moja, alinyoosha tu kidole, laini kama cha bibi harusi, na kutamka, "Kanuni ya tatu!" Bi Maftaha, aliyepogolea mikorosho tangu usichana wake, alinyimwa kibali cha kushika msumeno, eti hazijui kanuni kwa namba.

Masika ilipoingia, tawi bovu la mkwaju likainamia paa la Bwana Miti. Alfajiri akabisha hodi kwa Bi Maftaha, na kwa mara ya kwanza akamwamkia.

"Shikamoo, mama. Njoo unikatie lile tawi."

"Marahaba. Na kibali?"

"Mama, wanangu wanalala chini yake!"

Kwa ajili ya watoto, akapanda. Alilifunga tawi kamba, akalikata, akalishusha taratibu bila kugusa paa, huku mwenye cheti akihangaika uani kujipukuta majimoto, wale sisimizi wakali wa mitini, waliomwingia shingoni. Jioni, mkutanoni, Bwana Miti alisoma taarifa: "Tawi la hatari limeondolewa na mtaalamu wa kijiji." Watu wakampigia makofi. Bi Maftaha, aliyechunwa viganja vyote viwili na kamba, hakuweza kupiga.