Mwimbaji Aliyeachwa Nje ya Kava

Kwa miaka kumi na miwili mimi na fundi cherehani mmoja wa Newala tulikuwa marafiki wa bendi. Hatukuwa marafiki wa kitu kingine. Mimi ni mwalimu wa shule ya msingi upande wa Lisekese, hapa Masasi, ni Mwanglikana, naimba sauti ya pili kwenye kwaya. Yeye ni Mwislamu, amenizidi kama miaka kumi na mitano, ana kibanda chake sokoni Newala. Tulikutana mara chache ana kwa ana. Urafiki wetu ulikuwa wa simu. Nikimwamkia na akiitikia, habari za nyumbani tulizimaliza kwa maneno manne, kisha tunaingia kwenye bendi mpaka salio la mmoja wetu likate.

Bendi yenyewe ni ya dansi, ya magitaa matatu na tumba, kongwe kuliko mimi. Waasisi wake wawili walitoka huku kwetu. Mpiga solo, ambaye ndiye kiongozi, ni mtu wa Masasi. Mwimbaji ni mtu wa Newala. Walihamia Dar es Salaam wakiwa vijana na wakazeekea huko, wakipiga kwenye baa na harusi, wenzao wakifa au wakiacha muziki mmoja mmoja. Albamu mpya hawakuwa wametoa kwa miaka mingi. Sisi tulibaki na za zamani, tukizisikiliza na kubishana ni nani aliyepiga besi kwenye wimbo gani. Mimi na fundi tulianzisha kundi la wasapu la mashabiki, na sote wawili tukawa wasimamizi wake. Lilijaa watu wa Masasi, Newala, Nanganga, hata wenzetu walioko Mtwara na Dar.

Ikaja habari kwamba lebo moja ya vijana Dar es Salaam inataka kuwasaini wazee wetu. Kundi liliwaka moto siku ileile. Wengine walisema hatimaye. Wengine walisema wanauzwa. Ikasemekana lebo inataka nyimbo za dakika tatu ziingie vizuri kwenye simu, na fundi akaandika, "Dansi la dakika tatu! Hata sebene halijaamka." Tulicheka. Watu wa kwetu wanataniana, na kwa wiki mbili tatu ulikuwa utani tu: Masasi ikiwasema Newala wagumu wa kubadilika, Newala ikiwasema Masasi wepesi wa kununulika.

Kisha fundi akaandika ujumbe mrefu. Alisema amesikia kwa mtu wa karibu kwamba kwenye mazungumzo ya mkataba, lebo haimtaki mwimbaji. Inamtaka mpiga solo na jina la bendi, basi. Nafasi ya sauti wataweka vijana wao.

Mimi nilikuwa na namba ya kiongozi, maana alisoma na marehemu baba yangu shule ya misheni. Nikaliambia kundi lisubiri, nikapiga.

"Shikamoo baba."

"Marahaba mwanangu."

"Baba, huku watu wanasema mzee mwenzio anaachwa."

Akacheka, kicheko kirefu cha mtu asiye na wasiwasi. "Nani kasema? Waambie bendi hii haina mlango wa kutokea. Tuliingia wawili, tutakufa wawili."

Sikungoja hata nipoe. Niliandika kwenye kundi kwamba nimeongea na kiongozi mwenyewe, mwimbaji yupo, na anayesema vinginevyo ni mzushi. Nililiona neno hilo kabla sijalituma. Nililipenda.

Fundi hakunijibu mbele ya watu. Alinitumia pembeni: "Mwalimu, mzushi ndiyo mimi?"

Hapo palikuwa na nafasi. Ningeandika mstari mmoja tu wa kumwomba radhi na mambo yangeishia pale. Badala yake niliandika, "Mzushi ni anayezusha, fundi." Nilikuwa nimekaa kwenye kiti cha jikoni, natwanga karanga, nikajiona nimejibu vizuri sana.

Baada ya hapo utani ulikufa. Watu wa Newala walianza kuniita msemaji wa lebo. Nikawaondoa watatu kwenye kundi. Fundi akajiondoa mwenyewe, akafungua kundi lake, na wenzake wa Newala wengi wakamfuata, ila wachache walibaki kwangu ili wagombane vizuri. Kila asubuhi nilikuta matusi mapya, na kila asubuhi niliyajibu kabla sijapiga mswaki. Wenzangu kazini waliona nimekonda.

Siku moja mtu wa Masasi, simfahamu hata sura, akaandika: "Ninyi huko juu maji yenyewe mnanunua kwa ndoo, leo mtatufundisha muziki? Oga kwanza ndiyo uje ubishane."

Asiyekaa Newala anaweza kuona ni dhihaka ya kawaida. Lakini uwanda ule wa juu hauna mito. Zamani wanawake waliteremka bondeni alfajiri na kupanda mteremko ule na mitungi kichwani, na mpaka leo maji kule ni jambo la kupangiwa siku. Mimi nililijua zaidi ya wengine, kwa sababu fundi aliwahi kunisimulia kwamba mama yake alianguka na mtungi kwenye njia hiyo na hakunyooka mgongo tena mpaka anakufa. Kuna wimbo wa bendi unaozungumzia mwanamke anayepanda na maji. Fundi aliniambia mwimbaji anapofika ubeti wa pili yeye huzima cherehani.

Niliusoma ujumbe ule. Chini yake watu walikuwa wamejaza vicheko. Nikaongeza cha kwangu. Sikuufuta.

Mwezi uliofuata tangazo lilitoka. Nilikuwa ofisini na walimu wenzangu, nasahihisha madaftari ya darasa la tano, simu ikaanza kutetemeka bila kupumzika. Ilikuwa kava ya albamu. Kiongozi amesimama katikati na gitaa lake, amevalishwa miwani myeusi, na vijana watatu wamemzunguka. Mwimbaji hayupo. Chini waliandika kwamba utambulisho wa albamu kwa mikoa ya kusini utafanyika Masasi, Jumamosi, saa tisa alasiri.

Nilimpigia kiongozi mara tatu bila kupokelewa. Mara ya nne akapokea binti, sauti ya Dar. "Mzee yuko kwenye mahojiano, mama. Acha ujumbe."

"Mwambie binti wa rafiki yake wa misheni."

"Sawa, mama." Akakata.

Jioni ile fundi alinitumia picha ya kava. Hakuandika kitu.

Jumamosi nilikwenda. Watu wa Newala walikuja na gari mbili za Noah na pikipiki nyingi, wamevaa kanzu na mashati yaliyopigwa pasi, kama watu wanaokwenda kwenye kesi. Nilimkuta fundi mlangoni mwa ukumbi.

"Shikamoo fundi," nikasema.

Aliangalia viatu vyangu. Kisha akamgeukia mwenzake. "Twende tukakae."

Kwetu mtoto wa miaka mitatu anajua uzito wa shikamoo isiyoitikiwa. Watu waliokuwa kwenye foleni walitazama pembeni ili wasinione.

Vijana wa lebo walianza na nyimbo mbili. Walipomaliza ya pili, watu wa Newala waliokuwa wamekaa mistari ya mbele wakasimama wote pamoja, wakageuza viti vyao, wakakaa wamelipa jukwaa mgongo. Hawakupiga kelele. Walitukabili sisi wa nyuma, mikono magotini. Upande wa Masasi ukaanza kuzomea. Mtu akarusha chupa ya maji, ikampata mzee mmoja begani, naye hakuinama hata kuiangalia. Binti wa lebo alichukua kipaza sauti akaomba upendo. Akazomewa na pande zote mbili.

Kiongozi akaja mbele ya jukwaa na gitaa lake. "Mnataka nini?" akauliza. "Semeni kama watu wazima."

Sikupanga kusimama. Nilijikuta nimesimama.

"Baba," nikasema, "uliniambia kwa mdomo wako bendi haina mlango wa kutokea. Nimewaita watu wazushi kwa neno lako."

Alinitambua. Aliivua ile miwani. "Sasa ulitaka nikwambie nini, mwanangu? Mazungumzo yalikuwa hayajaisha. Ningekwambia ukweli, ungekuwa kwenye simu za watu kabla sijakata."

"Ungesema huwezi kusema."

"Ungenyamaza?" Watu wakacheka. Akaona wamecheka, akaendelea. "Ninyi mashabiki! Tulipokuja hapa mara ya mwisho, na huyo mwimbaji mnayemlilia, ukumbi huuhuu, mlikuja wangapi? Tulipigia viti. Leo mmejaa kwa sababu ya ugomvi."

Ilikuwa kweli. Mimi mwenyewe siku hiyo sikuja, nilikuwa na mazoezi ya Pasaka. Nikakaa chini.

Ndipo fundi alipoinuka. Hakugeuka kumwangalia. Aliongea akituelekea sisi, kwa kile Kiswahili chake cha Kimakonde ambacho hasira humzidishia.

"Ntu wetu yuko wapi?"

"Yupo kwake," kiongozi akajibu. "Ana uchovu wa uzee. Tulimwita studio, hakufika. Muulizeni mwenyewe."

"Nimemuuliza jana kwa simu. Anasema hakuitwa. Mkataba hakuoneshwa. Kava ameiona kwa mjukuu wake."

Hata waliokuwa wakizomea walingoja jibu. Kiongozi alimtazama binti wa lebo, binti akatazama simu yake. Kisha mzee yule akainama, akaongeza sauti ya spika yake, akaanza kupiga solo. Alipiga vizuri mno. Sijawahi kumchukia mtu huku masikio yangu yakimpenda kiasi kile.

Nje kulikuwa na vurugu. Vijana wa Masasi walitoa upepo tairi la Noah moja, watu wa Newala wakamkaba mmoja wao shati, polisi mmoja wa zamu akawatenganisha kwa kupiga filimbi. Nilimfuata fundi hadi kwenye gari.

"Fundi, nimekosa. Nilikuita mzushi na wewe ndiye uliyekuwa na ukweli. Nisamehe."

"Hilo la uzushi nilishalimeza," akasema. Safari hii alinitazama usoni. "Lile la maji uliliona?"

"Nililiona."

"Ukacheka. Nilikuwa nimeshatoka kwenye kundi, lakini waliobaki walinitumia, na kicheko chako nikakiona humo. Wewe, ambaye nilikusimulia." Alifungua mlango wa gari. "Kufuta ni kugusa tu kwa kidole, mwalimu. Kidole ulikuwa nacho."

Hakuufunga mlango kwa nguvu. Aliuvuta taratibu.

Kesho yake baada ya ibada niliandika kwenye kundi kwamba nilikosea, nikawaomba radhi watu wa Newala kwa jambo la maji, nikamtaja aliyeliandika kwa namba yake. Majibu yalikuja kutoka upande wangu. Msaliti. Kigeugeu. Mmoja aliandika kwamba ndiyo matokeo ya kumpa mwanamke usimamizi. Nilisubiri mpaka Jumanne kama nitaona hata mmoja anayenitetea. Jumanne nililifunga kundi.

Albamu ilitoka. Inapigwa kwenye harusi mpaka Lupaso. Nimeisikiliza yote mara moja, na ukweli ni kwamba kijana anayeimba anajua, jambo ambalo liliniudhi kuliko kama angekuwa hajui.

Desemba shule zilipofungwa nilisikia mwimbaji amerudi moja kwa moja kwenye kijiji chao, karibu na Newala. Nilipanda kule kwa pikipiki nikiwa na kilo mbili za sukari. Nilimkuta kwenye shamba lake la mikorosho, amekaa juu ya gunia, anatenganisha korosho na mabibo kwa mikono. Alikuwa mwembamba kuliko nilivyomfahamu kwenye picha. Nilimwamkia, akaitikia. Nikajitambulisha, nikamweleza kila kitu: simu ya kiongozi, neno langu, ukumbi.

Alisikiliza bila kuacha kazi. Nilipomaliza akauliza, "Kundi lenu lilikuwa na watu wangapi?"

"Zaidi ya mia mbili, baba."

"Mia mbili." Alirusha bibo pembeni. "Mnanigombania miezi yote hiyo. Aliyenipigia simu kuniuliza ni mmoja, fundi cherehani, na alinipigia siku moja kabla ya ngoma yenu. Wewe namba ya mwenzangu ulikuwa nayo. Yangu hukuwahi kuitafuta?"

Nikasema sikuwahi.

"Basi."

Niliinama nimsaidie kuokota. "Acha," akasema, bila ukali, kama mtu anayemwambia mgeni asiguse chombo cha watu. "Utachanganya. Hizi zimeshapangwa." Nikaweka sukari kwenye kivuli cha mkorosho, nikarudi barabarani kumtafuta mwenye pikipiki.