Mgongo wa Kitabu cha Mwanamfalme

Mama Gundi hakuwa mtu wa kudanganywa na kitabu. Kwa miaka kumi na tisa alikuwa ameketi katika chumba cha nyuma cha maktaba, baina ya ndoo ya gundi ya unga na meza iliyochanjwachanjwa na kisu, akishona vitabu vilivyoachana na majalada yao. Alikuwa na elimu yake ambayo haifundishwi darasani: kisimamishe kitabu kwa mgongo, kiachie, nacho kitafunguka pale kilipofunguliwa mara nyingi. Ndivyo alivyojua kwamba mwalimu fulani wa hesabu, mkali kama pilipili, huazima kitabu cha mapishi kwa ajili ya ukurasa wa keki tu. Na ndivyo alivyojua, au alivyodhani anajua, kwamba binti yake ana mtu.

Dalili ya mvua ni mawingu, na mawingu yalikuwa tele. Binti mwenyewe alikuwa na miaka kumi na sita, mwaka wa mtihani. Tangu lini mtoto wa mtihani anacheka peke yake akiosha vyombo? Tangu lini anachelewa kurudi saa nzima, na akiulizwa anajibu kwa upole, "Nilikuwa maktaba, mama"? Mama Gundi alikuwa akitoka kazini saa tisa, binti akiingia saa kumi, kwa hiyo hawakukutana. Alimwuliza mkutubi, mzee wa miwani mbili, moja puani na nyingine kichwani.

"Anakuja na wenzake," mkutubi akasema. "Wanakaa kona ile, wanasoma riwaya ya mwanamfalme. Watoto wazuri."

"Watoto wazuri ndio wanaoharibika," Mama Gundi akasema.

Riwaya ilikuwa na kibandiko chekundu, maana yake haitoki nje ya maktaba, kwa kuwa ilikuwa nakala moja tu. Ilihusu mwanamfalme anayepanda farasi wa moshi na binti wa mfua vyuma anayeweza kuita radi. Asubuhi moja, kabla milango haijafunguliwa, Mama Gundi aliitoa rafuni akaipekua ukurasa kwa ukurasa, kwa uchunguzi tu, mpaka akafika ule wa mia mbili na kumi na mbili. Hapo mwanamfalme anambusu binti dirishani na kumwambia: "Hata wakifunga malango yote ya ufalme, nitakuja kukuchukua." Mama Gundi akausoma mara mbili, ili asije akamsingizia mtu. Kesho yake akaja tena kuhakikisha. Na keshokutwa.

Wiki ya tatu alikisimamisha kitabu kwa mgongo, akakiachia. Kikafunguka pale pale, bila kusitasita. Moyo ukamlipuka. Kumbe mtoto analala na kuamka na ukurasa huu! Baba yake mtoto naye aliingia kwa mbwembwe, maneno matamu kama asali, akatoka bila kuaga mimba ikiwa ya miezi mitano. Aliyeumwa na nyoka akiona unyasi hushtuka, nani wa kumlaumu? Siku hiyo hiyo Mama Gundi alimpigia simu kaka yake, aliyeishi mji wa mbali, kisha akaenda shuleni kuomba barua ya uhamisho. Ilibaki saini yake tu. Jumatatu binti angehamia kwa mjomba, mtihani ukiwa umebaki miezi miwili, na mama angebaki na nyumba yenye kikombe kimoja mezani. Aliitia barua katika mfuko wa aproni, na kila alipoigusa alitaka kulia.

Saa kumi alikuwa bado maktaba. Aliwakuta konani: wasichana saba wamekizunguka kitabu kimoja, binti yake anasoma kwa sauti ya chini. Mama Gundi alikinyakua, akakisimamisha mezani, akakiachia.

"Haya! Mia mbili na kumi na mbili!" akasema. "Kitabu hakisemi uongo. Nani huyo anayekwambia atakuja kukuchukua? Nani anakubusu?"

Mmoja wao, mrefu kuliko wote, akashika kichwa. "Kwani wanabusiana? Jamani mama, umetuharibia!"

"Sisi tuko ukurasa wa tisini na nne," binti akasema. Akaonyesha kipande cha karatasi ya daftari walichokiweka kuwa alama. "Nakala ni moja, mama. Tunasoma kurasa nane kwa siku, wote pamoja, na tuliapishana kwamba hakuna kutangulia."

Mama Gundi alitaka kubisha. Lakini binti alikuwa ameinamia ukurasa ule, anautazama pembeni. Palikuwa na alama za kidole gumba, nyeupe, kavu, moja juu ya nyingine, za gundi ya unga.

Mkutubi alishusha miwani ya kichwani. "Nyani haoni kundule," akasema, akaondoka zake.

Katika chumba cha nyuma, mlango ukiwa umefungwa, binti alisoma ule mstari wa malango kimyakimya. Kisha akauliza, "Baba alikwambia hivi?"

"Hivi hivi," mama akasema. "Isipokuwa hatukuwa na malango."

"Na bado unausoma kila siku."

Mama Gundi aliona aibu mpaka masikio yakamwaka moto. Angeweza kusema ni uchunguzi. "Ni mzuri," akasema. "Najua ni uongo, nimeuonja mwenyewe, na bado ni mzuri. Nilidhani wewe ndiye unaungoja. Nisamehe, mwanangu."

Binti alivuta kigoda, akakaa karibu naye.

Mgongo wa kitabu ulikuwa umepasuka kweli, na mgongo uliopasuka hubandikwa karatasi ngumu kwa ndani kabla ya kurudishiwa jalada. Mama Gundi alitazama rundo la mabaki ya karatasi, hakuchukua hata moja. Alitoa barua ya uhamisho mfukoni, akaikata vipande vitatu virefu.

"Nipakie gundi," akamwambia binti. "Nyembamba."